Mkono wa Mama Kwenye Mdako

Kwanza mnisamehe. Mwandiko wangu umelala upande mmoja kama nyasi zilizopigwa na mvua, na najua yako maneno ambayo nimekosea herufi zake. Nilisoma mpaka darasa la saba tu, na tangu nitoke shule naishika kalamu mara chache. Ukurasa mmoja hunichukua siku mbili, kwa maana naandika, nafuta, naandika tena. Pia mimi si msemaji. Mbele ya watu watatu ulimi hunikauka. Haya nimeyaandika kwa sababu sikuweza kuyasema.

Ni habari za mama yangu na mchezo wa mdako, kwetu Sindo, kando ya ziwa.

Wengi mnaujua mdako kama mchezo wa watoto. Unachimba shimo dogo kama bakuli, unatia vijiwe kumi na viwili, unabaki na kimoja mkononi. Unakirusha juu, na kabla hakijaanguka unavikomba vile vyote nje ya shimo kwa mkono uleule, kisha unakidaka. Unakirusha tena, unavirudisha vyote shimoni ila kimoja, unadaka. Kile kimoja ni chako. Unaendelea hivyo mpaka shimo liishe. Ukimaliza moja moja unaingia mbili mbili, kisha tatu tatu, nne nne, na mwisho sita sita. Ukiangusha, unarudi mwanzo wa hesabu uliyokuwa nayo. Hakuna nafasi ya kufikiri. Mkono ukingoja kuambiwa na kichwa, jiwe limeshaanguka.

Ufukweni kwetu mdako haukuwa wa watoto. Wanawake sita walinunua samaki kwenye mtumbwi mmoja, na samaki wa mtumbwi ule walitosha watu sita, si saba. Zamani, kabla sijazaliwa, walikuwa wakigombana. Mtumbwi ukifika waliingia majini wote pamoja, wakivutana nguo, na siku moja mtu alikanyagiwa kikapu kikawa bapa na mwingine akapasuka mdomo kwa kiwiko. Ndipo wakapatana. Kila mwanamke alichimba shimo lake mchangani. Mtumbwi ukikaribia kiasi cha kuweza kuhesabu vichwa vya wapiga makasia, wote walianza kucheza, kila mtu kwenye shimo lake. Ncha ya mtumbwi ikigusa mchanga, mikono juu. Aliyefika mbali zaidi alichagua samaki wa kwanza, na mwenzake akafuata, hivyo hivyo mpaka wa sita, ambaye aliachiwa vidogo na vilivyopondeka.

Shimo lilikuwa kama shamba. Mwenye nalo akiliacha, lilikwenda kwa mwanamke aliyekuwa akingoja nafasi. Kulikuwa na njia moja tu ya kulibakiza nyumbani: binti au mke wa mwana akae mbele ya mwenye shimo, wacheze wawili, wengine wakitazama, na amshinde.

Mama alikuwa mwepesi kuliko wote. Huku kwetu mwanamke aliyeolewa huitwa kwa mahali alikotoka, naye alizaliwa Migori, basi alikuwa nyar Migori, yaani binti wa Migori. Akirusha jiwe hakulitazama. Alitazama shimo, na jiwe likaja lenyewe kiganjani kama kuku anayejua kwao. Aliyemkaribia alikuwa mmoja tu, nyar Magunga, mama mnene, Mkatoliki, ambaye hakuweza kucheza na mdomo umefungwa.

"Wewe nyar Migori, kwani mkono wako una macho?"

"Wako una mdomo," Mama alimjibu bila kuinua kichwa. "Ndiyo maana unachelewa."

"Nyar Migori anacheza kama mtu aliyeacha chungu motoni!"

"Nimeacha ugali. Na wewe umeacha nini, usingizi?"

Hivyo kila siku. Matusi yale yalikuwa kama chumvi. Mimi nilikaa nyuma kidogo na kikapu, nikicheka ndani ya kitenge changu. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba na sikupata nafasi ya kuendelea. Kazi yangu ilikuwa kukausha samaki kwa moshi na kuwapeleka soko la Magunga, ambako watu walilazimika kuniuliza bei mara mbili, kwa maana ya kwanza nilijibia kikapuni.

Sisi ni Wasabato. Jumamosi shimo letu lilikaa tupu, na wenzake Mama walilicheka wakisema hata shimo limekwenda kanisani. Tena hatuli samaki asiye na magamba. Mama hakuwahi kununua kamongo, yule samaki wa topeni mwenye meno makali, wala kumpika, wala kumpasua. Katika miaka yake yote kando ya ziwa hakuwahi hata kumgusa. Na hilo ndilo lililomponza.

Asubuhi moja, mwaka wa pili baada ya Uhuru, Mama alikuwa wa kwanza. Aliingia majini mpaka magotini akainama juu ya mtumbwi. Juu ya ngege, samaki wa magamba aliowataka, alilala kamongo mkubwa, mrefu kama mkono wa mtu mzima, tope limemkauka mgongoni, hatikisiki. Alikuwa ametolewa majini tangu alfajiri. Mwanamke mwingine yeyote pale angejua kwamba kamongo hafi upesi namna hiyo. Anaweza kukaa nje ya maji nusu siku na hasira zake bado anazo. Nyar Magunga angemgusa kwanza kwa kijiti. Lakini kwa Mama huyo alikuwa mzoga tu, mchafu, uliolalia samaki wake. Akamshika karibu na kichwa ili amsogeze.

Sikuona alivyogeuka. Nilisikia Mama akisema "Ee," kwa sauti ndogo, kama mtu aliyekumbuka kitu. Kisha nikamwona ameketi majini, wavuvi wakimpiga kamongo kwa kasia, na kamongo hakuachia vidole vyake.

Dresa, mfunga vidonda wa zahanati, alikikata kipande cha juu cha kidole cha shahada, mkono wa kulia. Kidole cha kati alikishona. Kilipona, lakini kikabaki kimenyooka, hakikunji.

Nyar Magunga alikuja kumtazama nyumbani na maziwa ya mgando kwenye kibuyu. Alikaa kimya muda mrefu, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Mwishowe akasema, "Nyar Migori, Biblia yenu imewaambia msimle. Haikuwaambia msimshike?"

"Imesema hata mizoga yao tusiiguse," Mama alisema. "Sikusoma mpaka mwisho."

Walicheka hadi kibuyu kikaanguka. Nilifuta maziwa sakafuni nikafurahi, kwa sababu tangu aumwe sikuwa nimemsikia akicheka.

Wenzake walimlindia shimo. Walilifunika kwa kigae cha chungu ili mvua isilijaze mchanga. Miezi miwili mimi nilikwenda ufukweni kuchukua mabaki tu, wa sita kila siku, na samaki wangu sokoni walikuwa wadogo hata wateja wetu wa zamani wakaanza kutupita. Baba alikuwa analima, lakini mahindi ya kwetu hayakutosha karo ya kaka yangu mdogo. Shimo lile ndilo lililomweka shuleni. Hili nalisema mapema ili mjue kwa nini Mama hakuliacha tu.

Aliporudi, mkono haukuwa wake tena. Kile kidole kilichonyooka kilisukuma vijiwe badala ya kuvikomba, na pale palipokatwa paliuma vikali akigusa mchanga wa baridi. Siku ya kwanza alikuwa wa sita. Siku ya pili pia. Ndipo akaanza hila. Alitafuta vijiwe vidogo sana, vya kuingia vyote kiganjani bila msaada wa vidole.

"Nyar Migori," mmoja wa wenzake alisema akichungulia, "hivyo ni vijiwe au dengu?"

"Ni vijiwe. Wewe macho yako ni mabovu."

"Basi tuvichemshe tuone."

Alivitupa, akatafuta vya kawaida. Kisha akajaribu kurusha jiwe juu sana, mara mbili ya urefu wa kichwa, ili apate muda wa kukomba. Muda aliupata, lakini jiwe likitoka juu vile linashuka kwa nguvu, nalo lilimgonga kwenye kile kidole hadi machozi yakamtoka. Alilifuta jiwe kwa nguo yake kama kwamba jiwe ndilo lililoumia.

Lakini lipo jambo jingine ambalo nililijua mimi peke yangu, nami sikulisema. Mama alianza kuchelewa kabla ya kamongo. Mimi ni kitinda mimba wa kike, wa saba katika watoto wanane, na aliponizaa tayari alikuwa na mvi. Mwaka mmoja kabla ya kuumwa alikuwa amehama upande wa shimo akaketi akiwa amelipa ziwa mgongo, akisema upepo unamsumbua. Haukuwa upepo. Ule mng'ao wa maji ulimfichia jiwe likiwa hewani. Nyumbani mimi ndiye niliyemtungia uzi kwenye sindano. Aliposimama alishika goti kwanza, akingoja likubali.

Alipopata jeraha, yote akayatupia kamongo. Ukimwuliza kwa nini hakudaka, ni kamongo. Kwa nini amechoka na jua bado liko juu, ni kamongo. Siku moja Baba alimwita mara tatu hakusikia, naye akasema ni kwa sababu ya maumivu ya kidole.

"Huyo samaki," Baba alisema, "amekula mwanamke mzima."

Mama aligeuka akaenda jikoni. Nadhani jeraha lilimpa kitu cha kusema mbele ya watu. Mtu anaweza kuonyesha kidole kilichokatika. Miaka hawezi kuionyesha.

Alasiri moja aliniita nyuma ya jiko. Alikuwa amechimba mashimo mawili.

"Kaa hapa, nyathina," alisema. Kwa Kijaluo maana yake ni mtoto wangu. "Nataka mtu wa kunikimbiza."

Tulicheza kila alasiri, isipokuwa Sabato. Na mimi, ambaye sikuwahi kujua kwamba naweza kitu chochote kuliko wenzangu, niligundua kwamba mkono wangu hauna haya. Ulikwenda kabla sijauambia. Nilipokuwa peke yangu nilijaribu kumaliza mpaka sita sita bila kuangusha, nikamaliza, nikaogopa, nikatazama huku na huku kama mtu aliyeiba.

Kwa Mama nilijizuia. Yeye akifika tatu tatu, mimi niliangusha. Akianza nne nne, mimi nilirudi mwanzo. Nilimwona akipumua vizuri, mabega yakishuka, nikadhani ninamsaidia. Na huko ufukweni pia alianza kupanda. Akawa wa nne. Akawa wa tatu. Siku moja akawa wa pili, akarudi nyumbani na ngege watatu wakubwa, akiimba wimbo wa kanisani, na Baba akasimamisha jembe kumsikiliza.

Mimi nilikuwa nimeketi nyuma na kikapu, na niliwaona wenzake. Nyar Magunga alikuwa na jiwe lake ndani ya ngumi. Hakulirusha. Alimtazama Mama akihangaika, na alipoona amepita, ndipo akarusha. Wengine pia. Hakuna aliyewaambia wafanye hivyo. Kila mmoja alifanya kivyake, wote siku moja, na hakuna aliyemtazama mwenzake.

Mama aligundua, na hakugundua kwa macho. Ilikuwa asubuhi tulivu, na mtumbwi ulipogusa mchanga alikuwa wa pili tena. Hakwenda majini. Alibaki ameketi.

"Nyar Magunga," alisema, "mbona hunitukani?"

"Nikutukane kwa nini, dada?"

"Unaona? Umeniita dada."

Nyar Magunga alicheka kidogo.

"Tangu nirudi hujanitukana hata mara moja," Mama alisema. "Wewe, ambaye ulimtukana mzee wa kanisa msibani. Ninacheza kama mtu aliyevaa glavu, na wewe umekaa kimya kama uko kwenye misa. Mtu asiyetukanwa ni mgonjwa au ni maiti. Mimi ni nani katika hao?"

"Tulitaka tu..."

"Najua mlichotaka. Asante." Aliinuka akishika goti. "Nendeni mchague. Mimi leo ni wa sita."

Tulirudi nyumbani na vidogo. Njiani alitangulia. Nilimfuata nikitazama visigino vyake. Tulipofika aliweka kikapu chini akasema, bila kunigeukia, "Na wewe pia."

Niliinamia kikapu nikaanza kupanga samaki.

"Nikifika tatu tatu, unaangusha. Kila siku. Nilidhani ni bahati yangu. Lakini juzi nilikuona ukicheza peke yako. Nilisimama pale penye katani nikakutazama mpaka ukamaliza." Aliketi kwenye kigoda. "Nani alikufundisha kurusha bila kutazama?"

"Ni wewe, Mama."

"Sikukufundisha."

"Nilikuwa nakutazama."

Alivuta kikapu cha samaki karibu naye. Kisha akanieleza, polepole, kama mtu anayepanga vyombo. Yuko mjane anayengoja nafasi mwaka wa pili sasa. Mama akiliacha shimo, litakuwa la mjane, na ni haki yake. Mama akibaki, wenzake wataendelea kumhurumia, naye atakula samaki wa huruma mpaka mwisho, na hilo hawezi. Nikimshinda mimi, shimo linabaki kwetu.

"Siwezi, Mama. Mbele za watu."

"Huwezi nini? Kunishinda, au kukaa mbele za watu?"

"Yote mawili."

"Basi yafanye kwa pamoja. Utaogopa mara moja tu."

Nilianza kulia. Aliniacha nilie, huku akipasua samaki kwa mkono wa kushoto, polepole na vibaya. Baadaye akasema, "Mimi sitakuachia. Usije ukadhani nitaangusha makusudi. Nikikuachia, wataona, na shimo halitakuwa lako. Nitacheza kwa nguvu zote nilizobaki nazo. Na wewe ucheze kwa zako zote."

Siku ya kushindana ilipofika walikuja wenzake wote, na wavuvi ambao hawakwenda ziwani, na yule mjane, aliyekuwa na haki ya kuona. Niliketi upande unaolitazama ziwa ili Mama akae alipozoea. Nilijifunga kitenge vizuri magotini. Nyar Magunga alisimama katikati kuwa mwamuzi. Kabla ya kuanza, Mama alimwinulia uso.

"Wewe. Ukikaa kimya leo, sitakusamehe."

"Umesema mwenyewe," nyar Magunga alijibu. "Haya, anzeni!"

Niliangusha jiwe la kwanza. Watu wakacheka, nami nikasikia joto likipanda masikioni. Niliokota, nikarusha, nikaangusha tena. Mama alikuwa ameshamaliza moja moja. Kile kidole chake kilikuwa kimesimama kama kijiti, lakini alikuwa amejifunza kukomba kwa upande wa kiganja, na alikuwa anakwenda.

"Nyar Migori!" nyar Magunga alipaza sauti. "Unakomba vijiwe au unafagia ua?"

Nilimwona Mama akitabasamu. Alitabasamu kweli, macho yakiwa shimoni. "Nafagia. Ondoa miguu yako mikubwa nisije nikaifagia nayo."

"Na huyu mtoto wako, anacheza mdako au anatafuta sindano?"

Kila mtu alicheka, na sijui ni kwa nini kicheko kile hakikuniumiza. Labda kwa sababu nilitukanwa pamoja na Mama, kwa sauti ileile, kama mmoja wao. Nikaacha kuwaona watu. Nililiona shimo tu. Jiwe likaanza kurudi lenyewe. Nilimaliza moja moja, nikamaliza mbili mbili, na nilipoingia tatu tatu tulikuwa sawa.

Ndipo jiwe la Mama likakigonga kile kidole kisichokunja. Likaruka pembeni, likabiringika mpaka kwenye goti langu. Alilazimika kunyoosha mkono kulichukua, akalipapasa mara mbili kabla ya kulipata. Jiwe langu lilikuwa hewani. Nililidaka, lakini sikulirusha tena. Mkono wangu ulisimama. Nilijua vizuri kwamba nikikaa hivyo kwa kupumua mara mbili tu, atanifikia.

Mama hakuinua kichwa. Alisema kwa sauti ya chini, ambayo nadhani niliisikia mimi peke yangu, "Nyathina, usiniache nicheze peke yangu."

Nikarusha.

Sikusubiri tena. Nilikwenda tatu tatu, nikaenda nne nne, nikaenda sita sita, mchanga ukiruka. Nilipodaka la mwisho niliinua mkono juu kama ilivyokuwa desturi. Watu walipiga kelele, mtu akanipiga mgongoni. Mimi sikuthubutu kumtazama Mama. Nilitazama shimo langu lililokuwa tupu.

Kisha kelele zikaisha, kwa maana watu waliona kwamba Mama hajaacha. Bado alikuwa tatu tatu. Aliendelea. Alirusha, akakomba, akadaka. Aliangusha, akarudi mwanzo wa tatu tatu, akaanza upya bila haraka. Jasho lilimtoka kwenye pua. Hakuna aliyeondoka. Hata wavuvi walikaa. Alimaliza tatu tatu, akaingia nne nne, akaangusha, akarudia. Ilichukua muda mrefu sana. Alipodaka jiwe la sita sita alilitazama kidogo kiganjani, akainama mbele, akaliweka mkononi mwangu, akanifunga vidole juu yake.

"Yaye, nyar Migori," nyar Magunga alisema, na sauti yake haikuwa sawa, "mtumbwi umefika, samaki wameuzwa, na waliobaki wameoza."

Mama alicheka hadi akafuta macho kwa kiganja. Nyar Magunga naye alifuta yake. Mimi nilikuwa nimeshaanza kulia zamani.

Kesho yake nilicheza na wale watano, na nilikuwa wa nne. Wa nne wa kweli. Niliingia majini nikaduwaa, kwa sababu kuchagua samaki sikujua. Mama alikuwa amesimama kwenye mchanga, nyuma, pale nilipokuwa nikikaa mimi na kikapu.

"Si huyo!" alipaza sauti. "Huyo amelala tangu jana, mtazame shavu! Chukua yule wa chini. Wa chini, mwanangu, unaogopa nini, kwani atakupiga picha?"

Watu walicheka, nami nikachukua wa chini. Alikuwa mzuri. Mpaka leo tunafanya hivyo. Mkono ni wangu, macho ni yake, ingawa macho hayo hayawezi tena kuona uzi. Lakini kumwona samaki anaweza. Kaka yangu mdogo bado yuko shuleni.

Yule mjane alipata nafasi yake kwenye mtumbwi mwingine miezi michache baadaye. Nilifurahi, kwa sababu nilikuwa nikimkwepa njiani.

Mwaka jana niliulizwa na msichana mmoja wa kanisani kama Mama alinikasirikia. Sikuweza kumjibu pale, nikasema hapana, nikakimbia. Jibu refu ni hili. Jioni ya siku ile niliyomshinda, Mama hakuja nyuma ya jiko. Wala kesho yake. Siku nne mashimo yetu mawili yalikaa hivyo, kuku wakayalalia. Siku ya tano nilikuta ameketi pale, amefukuza kuku, vijiwe viko mbele yake, na alikuwa akirusha kwa mkono wa kushoto. Hakuwa amewahi kuutumia katika mchezo maisha yake yote. Alikuwa mbovu kabisa. Jiwe lilikwenda nyuma yake, likaenda kwenye maji ya kuku, likaenda kwenye paja lake.

"Njoo uone," aliniambia. "Nimekuwa mtoto wa miaka mitano."

Niliketi. Tulicheza bila mtumbwi, bila hesabu ya nani ametangulia. Aliangusha mara kumi, akacheka mara kumi. Nami kwa mara ya kwanza nilimwona akilitazama jiwe likiwa juu, kichwa nyuma, mdomo wazi, akilifuata kwa macho mpaka lishuke, kama mtoto anavyotazama ndege. Zamani hakuwa na nafasi ya kulitazama. Alikuwa mwepesi mno.

Hayo ndiyo niliyotaka kueleza. Sasa nina ombi kwenu mnaosoma. Najua wako wengi waliokuwa wepesi katika mchezo fulani, mdako au ajua, yaani bao la Kijaluo, au mpira au kamba, kisha mkono ukaumia au miaka ikaingia, na vijana wakawapita. Mmefanyaje? Mliacha, au mlitafuta namna nyingine? Na aliyewashinda mara ya kwanza, mlimwambia nini? Mama anasema mkono wa kushoto haufundishiki tena akiwa na umri wake, nami nasema unafundishika, na tumebishana mpaka Baba amechoka kutusikiliza. Mwenye kujua aniandikie, hata kwa mwandiko mbaya kuliko huu. Mwalimu wangu wa zamani amekubali kunipokelea barua. Nitamsomea Mama zote, polepole, na kila atakayeandika nitamjibu.